Maswali ya Wasomaji: Chagueni barabara moja

Toleo lililopita ukumbi huu ulieleza kwamba mkazi wa Dar es Salaam asiye na gari anaweza kuitembea nchi yake akiwa na begi mgongoni na fedha za kawaida mfukoni. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, nami nimechagua tano. Bei ninazozitaja ni zile zilizotangazwa na mamlaka husika au zile nilizolipa mwenyewe, na msomaji azichukue kama kipimo cha kupangia, kwa sababu gesti na mama ntilie hawana bei ya kudumu.

Swali: *Shikamoo mzee. Sisi ni vijana watatu, walimu wa shule za msingi, tunakaa Tabata. Likizo ya Juni tunataka kusafiri siku kumi, na kila mmoja ametenga shilingi 250,000. Tumeandika Serengeti, Kilimanjaro, Zanzibar na Lushoto. Wenzetu wanasema fedha hiyo itaishia Chalinze. Je, inatosha?* (Mwalimu, Tabata)

Marahaba, mwalimu. Wenzenu wamekosea, ila na nyinyi mmeandika safari nne mkaziita moja. Shilingi 250,000 kwa mtu mmoja ni fedha ya kutosha kwa safari nzuri ya siku nane, mradi ziwe siku za kwenda upande mmoja na kukaa huko.

Nimesafiri hivi kwa zaidi ya miaka ishirini, na daftari langu la matumizi huniambia jambo lilelile kila ninaporudi: kinachomaliza fedha ni kuhama. Siku unayohama unalipa nauli ya basi, unalipa bodaboda ya kukutoa stendi kwa sababu hujui njia, unakula kwenye hoteli ya njiani ambako basi husimama dakika kumi na tano na sahani ya chipsi kuku huuzwa kwa bei ya mtu asiye na pengine pa kwenda, na ukifika giza limeingia unakubali chumba cha kwanza unachoonyeshwa. Siku unayokaa unatembea kwa miguu, unakula kwa mama ntilie yuleyule ambaye kufikia siku ya tatu anakuongezea maharage bila kuombwa, na mwenye gesti anakupunguzia kidogo kwa sababu unalala kwake usiku wa nne.

Tuitazame orodha yenu. Serengeti kikwazo chake si kiingilio, kwani Mtanzania mtu mzima hulipa shilingi 10,000 kabla ya kodi. Kikwazo ni gari, maana kule huwezi kujitembelea kwa miguu, na gari la kukodi kutoka Arusha pamoja na mafuta yake litameza mifuko yenu yote mitatu kabla hamjamwona simba wa pili. Kilimanjaro una mita 5,895, na haupandwi bila mwongozaji, wapagazi, chakula cha siku tano au zaidi na mavazi ya baridi kali. Nawasihi sana msitafute njia ya kuupanda kwa bei ya chini, kwa sababu mahali pa kwanza panapopunguzwa huwa ni idadi ya siku, na siku hizo ndizo zinazoupa mwili nafasi ya kuizoea hewa nyepesi ya juu. Zanzibar ni safari yake yenyewe, yenye boti ya kwenda na kurudi, na mnaweza kuitengea mwezi mwingine. Inabaki Lushoto, ambayo mmeiweka mwisho ilhali ndiyo inayowafaa kuliko zote.

Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Lushoto ni kilomita kama 370. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipotangaza viwango vipya mwishoni mwa 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria, na la daraja la kati shilingi 67.84. Zidisheni wenyewe mtaona kwamba nauli ya kawaida ni kama shilingi 18,000. Mwenye kuijua hesabu hii hawezi kusumbuliwa na mpiga debe anayemwambia kwamba leo mabasi yamejaa na kiti cha mwisho ni elfu thelathini. Kateni tiketi dirishani au kwa simu, na hakikisheni jina la basi na namba ya kiti vimeandikwa.

Ulizeni pia jambo moja ambalo mimi sikuuliza: je, basi linapanda mpaka Lushoto au linaishia Mombo? Mwaka mmoja nilipanda basi ambalo wakala wake aliniapia kwamba linafika juu. Saa mbili usiku nikateremshwa Mombo, njia panda ya chini ya mlima, na magari ya kupandisha yalikuwa yameshamaliza. Sikuwa namjua mtu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai pembeni mwa barabara alinisogezea kigoda karibu na jiko lake la mkaa, akaweka begi langu nyuma yake chini ya meza ya vikombe, akaendelea kuwahudumia madereva wa malori huku akiniamsha kila niliposinzia nisije nikaangukia moto. Alfajiri alikataa fedha ya zaidi ya vikombe viwili vya chai. Namkumbuka kila ninapopita pale, lakini sipendi mtu mwingine amtwishe mzigo huo kwa uzembe wa kutouliza.

Kutoka Mombo barabara hupanda kilomita 33 kupitia Soni, mkono mmoja mwamba na mkono mwingine bonde, na ndani ya muda wa saa moja mtakuwa mmeacha mkonge na joto la tambarare mkaingia kwenye kabichi, karoti na viazi. Mboga mnazonunua Kariakoo, nyingi hutoka huku, na asubuhi sokoni Lushoto mtayaona matenga yakifungwa kwa majani ya migomba. Nunueni matunda ya msimu hapo hapo. Ni chakula cha mchana cha mtembeaji. Juni huku ni baridi ya kweli. Msiwaamini wanaosema sweta moja inatosha, kwani usiku mtataka koti, soksi na blanketi la pili.

Mwamba wa Irente, mahali pa kutazamia mandhari, uko karibu na mji, mwendo wa miguu wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka, mkipita katikati ya mashamba na vijumba vya Wasambaa. Mwamba unakatika ghafla, na chini yake, mamia ya mita, imelala tambarare ambako barabara kuu iliyowaleta inaonekana kama uzi. Njiani kuna shamba la Irente linalouza mkate, jibini na jamu zinazotengenezwa palepale. Siku nyingine iwe ya Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ambako mkitembea kimya mtawaona mbega weusi kwa weupe kwenye matawi ya juu. Humo mtalipa kiingilio na mwongozaji, na mwongozaji huyo mlipeni bila kunung'unika, kwa sababu msitu una njia nyingi na ukungu hushuka bila taarifa. Siku mbili au tatu zilizobaki pelekeni Mtae, mwisho wa safu, mkipanda basi la asubuhi. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, bonde huku na bonde kule, na chini yake ni nyika za Mkomazi.

Hesabu yake kwa kichwa ni hii. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na daladala za Dar es Salaam, 40,000. Magari ya ndani ya milima, 25,000. Kulala usiku saba kwa wastani wa 10,000, ni 70,000. Chakula siku nane kwa 7,000, ni 56,000, na kwa bei hiyo mtu anakunywa chai na chapati asubuhi, anakula matunda mchana, na jioni anapata wali maharage na mchicha au ugali na kipande cha nyama. Viingilio na waongozaji mkigawana, 25,000. Jumla 216,000, na inabaki 34,000 ambayo haiguswi mpaka mrudi Tabata, isipokuwa kwa ugonjwa au basi lililoharibika. Kwa siku kumi akiba hiyo ingeisha, ndiyo maana nimewapunguzia mbili.

Katika malazi kuna jambo ambalo huwashangaza vijana wa mjini. Gesti nyingi zina bandiko ukutani linalokataza wanaume wawili kulala kitanda kimoja, kwa hiyo msipange bajeti kwa kudhani kwamba mtabanana watatu kwenye chumba cha elfu ishirini. Tafuteni hosteli za makanisa au nyumba za wageni zenye vyumba vya vitanda viwili na vitatu, na pigeni simu kabla.

Swali: *Shikamoo baba. Nina miaka 24, ninasomea uuguzi na ninakaa Mbagala. Ninatamani kusafiri peke yangu siku nne tu, lakini mama anasema msichana anayelala gesti peke yake anajitafutia jina baya na hatari. Sitaki kumdanganya mama. Nifanye nini, na niende wapi?* (N., Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa sentensi yako ya mwisho kuhusu mama. Hofu yake ina sababu, na njia ya kuituliza ni kumpa mpango ulioandikwa: basi gani, unalala wapi, namba ya simu ya mapokezi, na saa utakayompigia kila jioni. Mzazi anayejua mtoto yuko wapi huwa mwepesi kuruhusu kuliko anayeombwa ruhusa ya jumla.

Kuhusu mahali, wewe unayekaa Mbagala una bahati ambayo huenda hujaiwaza: barabara yako inaanzia mlangoni, nayo jina lake ni Barabara ya Kilwa. Mabasi ya kusini unayapandia Rangi Tatu, huna haja ya kwenda Mbezi. Hadi Kilwa Masoko nauli ya kawaida ni kama shilingi 15,000, na ukiondoka asubuhi unafika jua bado lipo. Isipokuwa usiende wakati wa masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga na watu walikwama siku kadhaa njiani, na hata mwaka wa mvua za kawaida Aprili si mwezi wa kwenda kusini na fedha za kuhesabu.

Kilwa Masoko ni mji mdogo unaozungukika kwa miguu. Ng'ambo ya maji, karibu kabisa, kiko Kilwa Kisiwani, kilichoingizwa mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kibali hutolewa na ofisi ya uhifadhi pale Masoko, Mtanzania hulipa kwa shilingi, kisha unavuka kwa mashua. Usikubali kukodi chombo kizima peke yako kama huna haraka. Subiri wanakijiji wanaovuka na mizigo yao ya soko, au jiunge na kikundi kingine. Ukishuka utatembea saa tatu nne kati ya Msikiti Mkuu wenye kuba zake za mawe ya matumbawe, makaburi ya masultani, na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kifalme, juu ya jabali linaloitazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akauandika mji huu miongoni mwa miji mizuri. Simama ndani ya msikiti ule saa ya alasiri, mwanga unapopenya kati ya nguzo, utaelewa kwa nini mimi nimerudi mara nne. Watoto wa kijiji hucheza mpira karibu kabisa na ukuta uliojengwa kabla Wareno hawajaijua pwani hii, na nywele hunisisimka kila ninapolifikiria hilo.

Sasa gesti. Fika kabla ya magharibi, ili uwe na nafasi ya kukataa. Omba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa, kisha fanya mambo haya bila aibu: funga mlango kwa ndani uone kama komeo linashika, tikisa dirisha, fungua bomba, tazama kama chandarua kina matundu, na nusa shuka. Epuka gesti yenye baa chini yake, hata ikiwa nafuu kwa elfu tano, kwa sababu usalama na usingizi vyote hupungua. Hosteli na nyumba za wageni za majimbo ya Kikatoliki na za KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, zipo katika miji mingi ya nchi hii, huwapokea watu wa dini zote, na mlango wake hufungwa usiku. Nikiwa na binti yangu huanza kuulizia hizo. Mapokezi watakupa kitabu cha wageni chenye mistari ya jina, kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda. Kijaze kwa ukweli, lakini usiisome namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu waliokaa pale barazani.

Ndani ya basi, omba kiti karibu na mama wa makamo. Nimeona mara nyingi jinsi mama wa namna hiyo anavyomchukua msichana kama wake ndani ya kilomita hamsini za kwanza, akamwamsha kwenye kituo cha chakula, akamkemea kijana anayemsumbua, na mwisho akampa namba ya dada yake anayeishi huko aendako. Beba khanga mbili. Utajifunika nazo, utatandika, utajistiri unapopita mtaani baada ya kuoga baharini, na Kilwa ni mji wa Waislamu ambako heshima hiyo huonekana na kurudishwa. Na kwa kuwa unasomea uuguzi sitakufundisha malaria, ila beba chandarua chako mwenyewe.

Swali: *Mhariri, mimi ni mfanyabiashara mdogo Kariakoo, ninapata mapumziko ya Jumamosi na Jumapili tu. Je, treni ya umeme ni nafuu kuliko basi? Na ile ya TAZARA bado inafaa kwa safari ya kutembea?* (Msomaji wa Kariakoo)

Kwa nauli tupu, basi bado ni nafuu. Treni hiyo ya umeme, ya reli ya SGR, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa ni shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Kwa kipimo kile cha LATRA, basi la kawaida ni kama 9,000 na 22,000. Lakini wewe uko Kariakoo. Stesheni iko katikati ya jiji karibu na ile ya zamani, wakati basi linakutaka uende Mbezi, upoteze saa moja au mbili kwenye foleni na kulipa nauli nyingine. Kwa mtu mwenye siku mbili, Morogoro kwa treni ndiyo jibu, na safari haifiki saa mbili. Kata tiketi mapema kwa simu, maana za Jumamosi asubuhi huisha, na usisahau kitambulisho.

Ukishuka Morogoro, Uluguru uko mbele yako. Lala mjini, kisha Jumapili uamke alfajiri upande kuelekea Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani, pamoja na mwongozaji wa hapohapo. Saa hiyo njia huwa imejaa akina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni na ndizi na mboga kichwani, wakiwa na mwendo ambao wewe mpandaji mwenye viatu vya bei utauonea haya. Wapishe, wasalimie, na kama wana ndizi mbivu nunua hapo kabla hazijafika mjini.

Jambo moja treni haikupi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na abiria wa basi la mchana huwaona twiga, swala, nyani, na mara nyingine tembo, bila kulipa zaidi ya nauli yake. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku kucha, na wengi wanayapenda kwa kuwa yanawaokolea fedha ya gesti. Kwa mtu anayesafiri ili aione nchi, huo ni uokoaji wa hasara. Nenda mchana, uone Mikumi, uone mibuyu ya bonde la Ruaha, uone basi linavyoukwea mlima wa Kitonga.

Kuhusu TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ninaipenda kuliko njia nyingine yoyote nchini, kwa sababu hupenya pori la Nyerere, ikasimama Mang'ula chini ya Milima ya Udzungwa, kisha ikapanda nyanda za juu kupitia mahandaki na madaraja. Ila si ya mtu wa Jumamosi na Jumapili. Hucheleweshwa, ratiba yake hubadilika, na mwenye kuitaka awe na wiki nzima na subira. Pita mwenyewe kituoni pale makutano ya Barabara za Nyerere na Mandela, uulize ratiba ya wiki hiyo, na usitegemee karatasi ya mwaka jana.

Swali: *Shemeji yangu kutoka Nairobi na rafiki yangu wa chuo kutoka Ujerumani wanakuja, nasi tunataka kwenda Mikumi pamoja. Je, sote tutalipa sawa?* (Msomaji wa Sinza)

Hapana. Wewe na shemeji yako mtalipa kiingilio kimoja, shilingi 5,000 kabla ya kodi, kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huhesabiwa pamoja, mradi kila mmoja aonyeshe kitambulisho au pasipoti. Rafiki yako wa Ujerumani atalipa dola 30, nayo kabla ya kodi, na angekuwa Serengeti katika msimu wa wageni wengi ingekuwa dola 70. Mweleze mapema ili asidhani amelanguliwa getini. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au kadi, kwa hiyo hakikisheni kuna salio. Lango si mahali pa kutafuta wakala. Gari nalo lina ada yake, na hapo ndipo kujaza viti vyote kunakosaidia. Tafuteni watu wengine watatu.

Swali: *Mzee, mimi na mdogo wangu tumenunua hema la mtumba pale Karume, zima kabisa. Je, tunaweza kulisimamisha popote vijijini tukaacha kulipia gesti?* (Ndugu wawili, Kigamboni)

Si popote. Ndani ya hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi mnalala kwenye maeneo yaliyotengwa na kwa kulipia, na anayejificha humo anaweza kukutwa na askari, au na mnyama. Vijijini inawezekana, lakini kwa adabu yake, na adabu hiyo inaanzia kwa uongozi. Kabla ya kuondoka Kigamboni, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa wenu mwombe barua ya utambulisho yenye mhuri. Mkifika kijijini mchana, msifungue hema. Ulizeni kwa mtendaji au kwa mwenyekiti wa kitongoji, pigeni hodi, semeni mmetoka wapi, mnakwenda wapi na mtaondoka lini, kisha mwombe wawaonyeshe pa kulala. Kijiji kisichojua nyinyi ni nani kina haki ya kuogopa kuona kitambaa cha rangi ya machungwa kimesimama shambani usiku.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi ilikuwa kijiji kimoja juu ya Soni. Mwenyekiti alivaa miwani, akatoa daftari la shule lenye picha ya tembo kwenye jalada, akaandika majina yetu, namba za vitambulisho na saa, akatusomea tulichoandikiwa ili tuthibitishe. Kisha akatembea nasi mpaka kwenye kipande cha uwanja kando ya nyumba yake, akasukuma mawe kwa mguu, akasema hapa maji hayapiti mvua ikinyesha. Hatukujua kuchagua pale. Yeye aliujua mteremko ule tangu utotoni. Usiku mkewe akamtuma mtoto na sufuria ya viazi vilivyochemshwa na chumvi kwenye karatasi.

Kwa hiyo bebeni kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai kwa ajili ya nyumba itakayowapokea, na msizitoe kama malipo; mpeni mama wa nyumba asubuhi mnapoaga. Msiwashe moto bila kuuliza, hasa kiangazi, kwa sababu moto wa mgeni ukishika nyasi, shamba linaloungua ni la mwenyeji. Pa kujisaidia ulizeni mapema, na takataka zenu rudini nazo mjini.

Hema lenyewe lisimamisheni kwanza hapo Kigamboni, uani, usiku mmoja. Mwagieni ndoo mbili za maji juu yake huku mmoja wenu amelala ndani na tochi, akikagua mishono na zipu. Mahema ya Karume huwa mazima kwa macho, lakini gundi ya mishono ikiwa imekauka mtaligundua hilo saa nane za usiku mkiwa milimani.